Mtoto hakwambii kwamba haoni

Mwanzoni mwa mwaka huu bibi mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, alikuja ninapopimia macho kuchukua miwani yake ya kusomea, kafuatana na mjukuu wake wa miaka 6. Nikamwambia, "Bibi, na huyu tumpime." Akacheka. "Huyu? Huyu daladala anaiona ikiwa bado iko Mabawa!"

Kwa macho yote mawili alisoma chati mpaka chini. Chati ya watoto ina herufi E tupu, zimegeuzwa huku na huku, na mtoto akiwa mita 6 anaonyesha kwa vidole miguu ya E inaelekea wapi. Nikamziba jicho la kulia, akasoma vizuri. Nikamziba la kushoto, akanyamaza. Kisha akaanza kugeuza kichwa polepole ili achungulie pembeni ya kile kijiko cheusi cha kuzibia. Nilipokisogeza akakisukuma kwa mkono. "Acha mchezo, mjibu daktari!" bibi akamkemea. Hakuwa anacheza. Kwa jicho la kulia alikuwa anaiona E moja tu, ile ya juu kabisa.

Miaka 6 na hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe. Mtoto hasemi "sioni", kwa sababu hajawahi kuona namna nyingine. Anadhani sote tunaona hivyo. Likiwa bovu jicho moja tu, lile zima linafanya kazi ya yote mawili, na nyumbani mara nyingi hamtaona dalili yoyote. Ndiyo maana nasema apimwe hata kama halalamiki, na kila jicho lipimwe peke yake.

Nilimtia matone ya kulegeza misuli ya jicho kabla ya kutafuta namba ya miwani. Hapa nawasihi wazazi: jicho la mtoto lina nguvu nyingi ya kujikaza, na likijikaza linaficha tatizo. Namba iliyotolewa na mashine dukani kwa dakika mbili, bila matone, mara nyingi si namba yake. Mboni zilipopanuka nikammulika, nikakuta la kushoto linahitaji +0.50 na la kulia +4.50. Ubongo ulikuwa unapokea picha moja safi na moja yenye ukungu, ukachagua ile safi na kuiacha nyingine. Jicho likabaki zima kwa nje, lakini halijafundishwa kuona. Tunaliita jicho vivu.

Dawa yake ni miwani kwanza, avae kutwa. Baada ya wiki kadhaa, lisipofika panapotakiwa, tunaliziba lile zima kwa muda fulani kila siku ili vivu lifanye kazi. Yule bibi alipanga mwenyewe: alasiri anabandika plasta, magharibi anaitoa, na muda huo mjukuu anachambua mchele kwenye ungo, anatoa chuya na vijiwe. Mimi nisingebuni zoezi bora kuliko hilo. Juzi alikuja kupimwa tena, jicho la kulia likasoma mistari mitatu zaidi kwenye chati.

Angekuja ana miaka 12 huenda tungepata kidogo kuliko hivi. Ubongo hujifunza kuona vizuri zaidi kabla ya miaka 7 au 8, na kila mwaka unaopita mlango unazidi kujifunga. Kwa hiyo mlete akiwa na miaka 3 au 4, na tena kabla ya darasa la kwanza. Anayevaa miwani arudi angalau mara moja kwa mwaka, maana jicho linakua pamoja naye. Na miwani haiharibu macho. Naambiwa hivyo karibu kila siku, na kuna watoto wamevuliwa miwani kwa neno hilo.

Makengeza yanayoendelea baada ya mtoto kufikisha miezi 4 si urembo wala hayatajiondokea yenyewe, yapimwe.

Kuna jambo moja halisubiri umri wowote. Ukiona mboni ya mwanao ni nyeupe, au kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga wa flashi jicho moja linang'aa jekundu na jingine jeupe, usiende kwa mtu wa dawa za kienyeji na usitie maziwa ya mama. Huenda ni mtoto wa jicho, na hata mtoto mchanga anaweza kuzaliwa nao. Huenda ni saratani ya jicho, ambayo ikiwahiwa mara nyingi mtoto anapona na ikicheleweshwa inaua. Nenda wiki hiyohiyo hospitali ya mkoa, Bombo, uombe kliniki ya macho. Ukipewa rufaa ya hospitali ya KCMC Moshi, au CCBRT au Muhimbili kule Dar es Salaam, panda basi la kesho yake. Chukua na ile simu yenye picha, usiifute. Daktari atataka kuiona.