Waogiek wa Mau: kushinda kesi na kupata ardhi ni mambo mawili

Kila tunapofundisha umma kuhusu haki za jamii asilia, swali la kwanza huwa lile lile: "Kwani sisi wengine tumetoka wapi? Waafrika wote si wenyeji?" Ni swali la haki. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilishalijibu: kinachotazamwa si nani alitangulia kufika. Hutazamwa kama watu wanajitambua kuwa jamii ya pekee, kama maisha yao yamefungamana na ardhi fulani, na kama wamesukumwa pembeni kwa sababu ya maisha hayo.

Waogiek wa msitu wa Mau, Kenya, ni mfano ulio wazi. Ni wawindaji na warina asali. Kwa desturi yao kila ukoo una kipande chake cha msitu, kirefu, kinachoanzia chini na kupanda hadi juu mlimani, kwa kuwa maua hayachanui wakati mmoja na mrina asali hufuata maua. Mpita njia huona pori lisilo na mwenyewe. Mwogiek huona mzinga wa babu yake juu ya mtarakwa. Hata jina "Wandorobo" ambalo wengi wetu tumelizoea limetokana na neno la Kimaasai la mtu maskini asiye na ng'ombe. Tuliache, tafadhali.

Mwaka 2006, huko Nessuit, wazee wa koo mbalimbali waliijenga Mau ya mashariki juu ya meza: tabaka za makatoni zilizokatwa kufuata miinuko, zikapakwa rangi, mito na mipaka ikaonyeshwa kwa nyuzi na pini. Walichokuwa wakikijua kwa miguu kikawa kitu ambacho hata ofisa wa ardhi anaweza kukisoma.

Oktoba 2009 Waogiek walipewa ilani ya siku 30 kuondoka msituni. Mashirika ya utetezi, likiwemo la Waogiek wenyewe, yalipeleka malalamiko kwenye Tume, nayo Tume ikaifikisha kesi kwenye Mahakama ya Afrika jijini Arusha. Serikali ilijitetea kwamba inalinda chanzo cha maji. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ilisema kuhifadhi msitu hakuwezi kuwa sababu ya kuwafukuza, na kwamba haki zao za ardhi, utamaduni, dini na maendeleo zilivunjwa. Juni 2022 ikaamuru fidia ya shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa machungu waliyopata, pamoja na kupimiwa ardhi yao na kupewa hati ya pamoja.

Kwangu mimi, uzito uko kwenye hati. Fedha hugawanywa zikaisha. Bila hati, hukumu haikuzuia nyumba kubomolewa Sasimwani, kaunti ya Narok, Novemba 2023, miaka sita baada ya ushindi wa Arusha. Ugumu umo ndani ya Katiba ya 2010 yenyewe: ibara ya 62 inahesabu misitu ya serikali kuwa ardhi ya umma, na ibara ya 63 inahesabu ardhi ya jadi ya wawindaji kuwa ardhi ya jamii. Mau imeangukia kote kuwili. Ndiyo maana utetezi sasa unaelekezwa Nairobi, kwa wabunge na wizara, ambako uamuzi wa Arusha unapaswa kutekelezwa.

Kwa jamii nyingine ambazo ardhi yao haijatangazwa kuwa msitu wa serikali, mlango uko wazi zaidi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inairuhusu jamii kujisajili na kumiliki kwa hati moja. Msajili hutangaza mkutano, na jamii huchagua kamati ya watu 7 hadi 15. Wanawake na vijana waliotimiza miaka 18 wana kura sawa na wazee. Kabla ya siku hiyo, kaeni na wanaojua mipaka, mwandike majina ya vijito, makaburi na miti yenye mizinga, huku walio na kumbukumbu hizo wakiwa bado hai.