Nusu kimelea ni nini? Muulize ua jeupe la bondeni

Pita kando ya mashamba ya mpunga ya mabondeni mashariki mwa Uganda saa kumi na mbili jioni, jua likizama, utaona vijiua vyeupe vimechungulia katikati ya mpunga. Mchana hukuviona, kwa sababu hufunguka giza linapoingia na kunyauka siku ya pili. Wageni wao ni nondo wa usiku, wenye mrija mrefu wa kufikia utamu ulio chini kabisa ya ua. Mmea wenyewe hufika magotini hivi, na majani yake ni membamba kama nyuzi. Asiyelima angeuchuma akaupeleke nyumbani. Mwenye shamba akiuona, anasonya.

Kitaalamu unaitwa Rhamphicarpa fistulosa, na sijaona mfano mwepesi zaidi ya huu wa kueleza nusu kimelea.

Neno kimelea wengi wetu tulilikuta shuleni pamoja na minyoo na kupe: kiumbe anayekula kwa jasho la mwingine. Upande wa mimea, tunachokumbuka haraka ni zile nyuzi za manjano zinazotanda juu ya michongoma kama tambi zilizomwagika. Zile hazina majani, umbijani wake (ile rangi ya kijani ya kupikia chakula kwa jua) ni kama hakuna, na chakula chote zinakinyonya kwa mwenyeji, yaani mmea unaonyonywa. Hicho ni kimelea kamili.

Nusu kimelea ana jiko lake. Majani yake ni ya kijani, anapika kwa jua kama mahindi au maharage yanavyopika. Anachokwenda kuchota kwa jirani ni maji hasa, pamoja na chumvichumvi za udongo zilizomo, na pengine sukari kidogo. Kwa hiyo ile "nusu" haina maana kwamba ana madhara nusu. Ina maana tu kwamba sehemu ya riziki yake anaitafuta mwenyewe.

Wizi wenyewe unafanyika chini ya udongo. Ng'oa mche mmoja taratibu ardhi ikiwa imelowa, pamoja na shina la mpunga lililo karibu, kisha suuza mizizi yote kwenye beseni. Ukivuta kwa pupa utakata kile unachokitafuta. Utaona mzizi mwembamba wa ule mmea umeegemea mzizi wa mpunga, na pale walipogusana pana kinundu kidogo. Kinundu hicho kimetoboa mzizi wa mpunga hadi kwenye mishipa inayopandisha maji. Tena mimea ya aina hii hupoteza maji mengi kupitia majani yake, na kadiri inavyoyapoteza ndivyo inavyozidi kuvuta kutoka kwa mwenyeji. Mpunga unabaki mfupi, unatoa machipukizi machache, na masuke yake yanakuwa haba. Ukiutazama juujuu utadhani ni ardhi iliyochoka.

Hapo ndipo watu huchanganya mmea huu na kiduha, lile gugu lenye maua ya zambarau linalosumbua mahindi na mtama nchi kavu. Wote ni nusu kimelea, tena wa ukoo mmoja. Ila kiduha ni kimelea cha lazima. Mbegu yake hulala ardhini hata zaidi ya miaka kumi ikisubiri harufu ya mzizi wa nafaka, na ikiota bila kumpata mwenyeji, inakufa. Ua letu la bondeni ni kimelea cha hiari. Mbegu yake, ndogo kama vumbi, inataka unyevu na mwanga tu. Ikiota peke yake, itakua, itachanua, itazaa mbegu, yaishe. Ikimpata mwenyeji, inanenepa na kuzaa mbegu nyingi zaidi. Kwa mkulima tofauti hii ni kubwa: kiduha unaweza kukinyima chakula kwa kupanda kitu kingine, lakini huyu wa hiari hata ukimnyima mpunga bado anajimudu.

Hata majira yanatofautiana. Majaribio yaliyofanywa Kyela, kusini mwa Tanzania, yalionyesha kwamba kuwahi kupanda mpunga kunasaidia dhidi ya ua hili la bondeni, wakati kwa kiduha ni kuchelewa ndiko kunakosaidia. Jambo jingine ni maji. Mmea huu unapenda ardhi chepechepe lakini hauwezi kuanza maisha chini ya maji yaliyotuama. Palipo na mifereji, kama kwenye skimu ya umwagiliaji ya Doho kule Butaleja, mashariki mwa Uganda, inayotumia maji ya mto Manafwa, mkulima anaweza kuyafungulia maji yafunike jaruba. Anayetegemea mvua ukingoni mwa kinamasi hana bomba la kufungua. Yeye anabaki na mikono, na kung'olea kwa mikono mara nyingi huja maua yakishaonekana, yaani maji yakishachotwa.

Nisingependa kuuita mmea huu mvamizi, ingawa wengi wanauita hivyo. Ni mzaliwa wa vinamasi vya Afrika, unapatikana katika nchi zaidi ya 30 za bara hili na Madagaska, na hata kaskazini mwa Australia. Ulikuwa ukijiegemeza kwenye nyasi za porini bila mtu kulalamika. Tulipolima bonde na kujaza mpunga, ambao nao ni nyasi, tuliuandalia meza.

Tena usidhani nusu kimelea ni magugu peke yake. Msandali, ule mti wenye mafuta ya kunukia unaokatwa na kutoroshwa Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, nao mizizi yake huchota kwenye mizizi ya miti mingine. Ndiyo maana si rahisi kuuotesha peke yake kwenye kitalu kama mkaratusi. Na kirukia, yale majani mazito yanayoota juu ya tawi la mparachichi, amebandikwa na ndege anayekula tunda lake na kufuta mbegu inayonata kwenye gome. Angalia mparachichi ulio nyuma ya nyumba yako: pale ambapo majani ya tawi moja hayafanani na mengine, ndipo alipo.