Robo ya ng'ombe: unanunua nini hasa?

Desemba ikikaribia, Moshi huanza kusikika kauli ileile: “Tuchange ng'ombe, kila nyumba ichukue robo.” Ni mpango mzuri, hasa kwa nyumba inayosubiri watoto na wajukuu warudi Krismasi. Shida ni kwamba wengi hutoa hela kabla ya kujua robo ni nini.

Ng'ombe akishachinjwa, akachunwa na kutolewa kichwa, makongoro na matumbo, kinachobaki ndicho mzoga. Robo hutoka kwenye mzoga. Ng'ombe wetu wa asili aliyelishwa nyasi, mzoga wake ni takribani nusu ya uzito aliokuwa nao akiwa hai. Dume la kilo 240 basi litakupa mzoga wa kilo 120 hivi, na robo yako kilo 30, mifupa ikiwa humohumo. Muuzaji akikutajia bei ya kilo, muulize: ya ng'ombe hai au ya mzoga? Maini, utumbo, kichwa na ngozi navyo viulizwe mapema ni vya nani, maana havimo kwenye robo ya mtu.

Mzoga hupasuliwa kufuata uti wa mgongo, kisha kila upande hukatwa karibu na mbavu za mwisho. Hapo ndipo robo ya mbele inapoachana na ya nyuma. Ya mbele ina shingo, nundu, mkono, kidari na mbavu nyingi. Ya nyuma ina paja na sarara, ile ambayo hotelini huitwa fileti.

Watu hugombea ya nyuma kwa sababu ina steki nyingi. Mimi nilifanya hivyo mwaka tuliochanga dume kutoka Siha. Paja lote nikalikatakata la kuchoma, na wageni wakatafuna mpaka taya zikachoka. Shemeji yangu alichukua ya mbele, akatia kidari kwenye chungu cha mtori asubuhi na mapema. Kufika saa saba nyama ilikuwa inaachia mfupa yenyewe, na mchuzi umekuwa mzito.

Sababu iko kwenye kazi ya msuli. Shingo, mkono na kidari hubeba mnyama na kumtembeza kutwa, hivyo vina nyuzi ngumu ambazo zikipikwa taratibu kwa saa kadhaa hulainika na kuupa mchuzi uzito. Sarara imejificha chini ya mgongo, haifanyi kazi kubwa. Moto mkali wa muda mfupi unaitosha. Paja liko katikati, na ng'ombe aliyekomaa paja lake lafaa zaidi kwa rosti au nyama ya kusaga. Kama nyumbani kwenu mnakula mtori, supu na pilau, chukueni ya mbele bila unyonge.

Hakikisha mzoga una muhuri wa mkaguzi wa nyama. Mwombe mkataji atumie msumeno kwenye mifupa, kwa sababu shoka huacha vipande vidogo vyenye ncha, na mtoto anaweza kuvimeza. Na usikimbilie kuitia nyama kwenye friza ikiwa bado ina joto la mnyama; ikigandishwa kabla misuli haijakaza kisha kulegea yenyewe, hubaki ngumu hata ukiipika vizuri. Iache kwenye baridi ya friji mpaka kesho yake, ndipo uifunge kilokilo, kila mfuko ukiandikwa: kidari, mbavu, paja.