Sikukuu za Malta: Yanayodhaniwa na Yalivyo

Msomaji wa Kiswahili akiifungua kalenda ya Malta kwa mara ya kwanza hupata mshangao ambao Mwingereza au Mjerumani hawezi kuupata. Kipindi cha mfungo kinaitwa Randan. Sikukuu inayokihitimisha inaitwa Għid. Desemba kuna Milied, na ile siku ya majonzi kanisani imeandikwa il-Ġimgħa l-Kbira, maneno ambayo ukiyageuza moja moja unapata Ijumaa Kuu yetu ileile. Mungu mwenyewe anaitwa Alla. Kutokana na majina haya, na kwa kuwa ramani inaonyesha visiwa vilivyolala kati ya Sicily na Libya, huzaliwa dhana ya kwanza.

“Sikukuu za Malta ni za Kiislamu zilizovikwa joho la Kikristo”

Sivyo. Randan ni Kwaresima, Għid ni Pasaka, Milied ni Krismasi, na zote zinaadhimishwa katika nchi ambayo ibara ya 2 ya katiba yake inautaja Ukatoliki kuwa dini ya nchi, huku Idi ya Waislamu ikiwa haimo kabisa katika orodha ya mapumziko ya kitaifa. Kilichotokea ni kwamba Waarabu waliitwaa Malta mwaka 870, Kiarabu cha aina iliyosemwa Sicily kikaota mizizi visiwani, Wanormani, watawala Wakristo kutoka Ulaya, wakafika mwaka 1091, na katika karne zilizofuata dini ikabadilika lakini lugha ikabaki. Mkristo wa Malta alipotaka kuutaja mfungo wake hakuwa na lugha nyingine ya kuutajia, akatumia jina lililokuwa tayari kinywani mwake. Hata Salamu Maria huanza kwa Sliem għalik, Marija, na sikio lililozoea salamu na salaam halihitaji mkalimani.

Hata hivyo, tusikimbilie kosa la pili. Kufanana huku hakumfanyi Mmalta na Mswahili kuwa wasemaji wa lugha za ukoo mmoja: Kiswahili ni cha Kibantu na kiliazima Idi, Ramadhani na Maulidi pamoja na mamia ya maneno mengine, ilhali Kimalta ni cha Kisemiti tangu sarufi yake, kisha kikaazima kwa Waitaliano. Ndiyo maana sikukuu ya kijiji inaitwa festa, neno la Kiitaliano, na fataki zake zinaitwa nar, neno ambalo wasomaji wa mashairi yetu wanalijua kama nari.

“Walitawaliwa na Waingereza, basi mapumziko yao ni kama yetu”

Mtanzania au Mkenya amezoea kupumzika Jumatatu ya Pasaka na tena tarehe 26 Desemba, na hudhani kila koloni la zamani la Uingereza lilirithi siku hizo. Malta, iliyokuwa chini ya Waingereza hadi mwaka 1964, inafanya kazi siku zote mbili. Mapumziko yake ya kitaifa ni 14, na yanayoipa orodha hiyo umbo lake ni ya Kanisa: 10 Februari, 19 Machi, 29 Juni, 15 Agosti na 8 Desemba, mbali na Ijumaa Kuu na Krismasi.

Ile ya 10 Februari inastahili neno la ziada, kwa sababu chanzo chake kinasomeka katika Biblia ya Kiswahili. Ni kumbukumbu ya kuvunjika kwa jahazi lililomchukua Mtume Paulo, tukio ambalo kwa mapokeo huwekwa mwaka 60, na sura ya 28 ya Matendo ya Mitume inakiita kisiwa hicho Melita. Siku hiyo, katikati ya baridi na mvua, sanamu ya mti iliyochongwa na Melchiorre Gafà mwaka 1659 hutolewa kanisani na kuzungushwa katika mitaa ya Valletta, mji mkuu. Anayefikiri kwamba visiwa vya Mediterania husherehekea wakati wa jua tu aende mwezi huo, na achukue koti.

“Sikukuu ya taifa ni ile ya uhuru, 21 Septemba”

Hili ni kosa linaloeleweka, kwani nchi nyingi zina siku moja iliyo kubwa kuliko nyingine. Malta ina tano, na sababu yake ni ya kisiasa. Uhuru wa mwaka 1964 uliletwa na serikali ya chama cha Nationalist, ila kambi za jeshi la Uingereza zilibaki. Chama cha Labour kilipoingia madarakani kiliigeuza nchi kuwa jamhuri tarehe 13 Desemba 1974, kisha kikasubiri tarehe 31 Machi 1979, mkataba wa kambi hizo ulipokoma, na kuiita hiyo Siku ya Ukombozi. Kwa miaka mingi kila upande ulishangilia siku yake na kuibeza ya mwenzake, hadi mwaka 1989 suluhisho lilipopatikana la kuzitambua tarehe tano kwa pamoja.

Mbili zilizobaki hazina chama. Tarehe 7 Juni inakumbuka ghasia za mwaka 1919, bei ya mkate ilipopanda, umati ukajaa mitaani Valletta, na askari wa Uingereza wakafyatua risasi. Watu 4 walikufa. Tarehe 8 Septemba ni Siku ya Ushindi, ambayo ni ya kuondoka kwa jeshi la Waturuki wa Osmani baada ya kukizingira kisiwa mwaka 1565, ni ya kuzaliwa kwa Bikira Maria, na ni ya kutangazwa kusalimu amri kwa Italia mwaka 1943, yote katika siku moja. Mashindano ya ngalawa za makasia katika Bandari Kuu hufanyika siku hiyo, na mitaa iliyozunguka bandari hugombania kombe kwa ukali ambao mashabiki wa Simba na Yanga wangeutambua mara moja.

“Festa ni maonyesho ya serikali kwa watalii, na hufanyika siku ya mtakatifu”

Hapa ndipo dhana potofu zilipolundikana, na ndipo penye utamu wenyewe. Kila parokia ina somo wake, yaani mtakatifu msimamizi, na festa ni sikukuu ya somo huyo. Lakini tarehe ya festa na tarehe ya mtakatifu mara nyingi haziambatani. Mtakatifu Nikola, ambaye Kanisa humkumbuka tarehe 6 Desemba, hufanyiwa festa na watu wa Siġġiewi Jumapili ya mwisho ya Juni. Mtakatifu Katarina ni wa tarehe 25 Novemba, ila Żejtun humtoa nje mwezi Juni na Żurrieq mwezi Septemba. Sababu ni ya kawaida kabisa: fataki na bendi havipatani na mvua. Valletta wakiwa na Paulo wao Februari, na Rabat wakiwa na Yosefu wao tarehe 19 Machi, ni miongoni mwa wachache waliokataa kuhama.

Kuhusu serikali, haiiendeshi festa. Mwenye festa ni parokia pamoja na każin, yaani klabu ya bendi, ambayo ina jengo lake, mara nyingi katika uwanja wa kanisa, lenye baa chini na chumba cha mazoezi ya tarumbeta juu. Fedha hupatikana kwa kupita nyumba kwa nyumba, kwa bahati nasibu na kwa mauzo ya baa hiyo. Fataki hutengenezwa na watu wa kujitolea, mafundi na makarani wanaokwenda kiwandani kijijini kwao baada ya kazi zao za mchana, na kazi hiyo si mchezo, kwa kuwa milipuko katika viwanda hivyo imekwisha kuua watu mara kadhaa. Mtalii anakaribishwa, ila hata asipokuja hakuna kitakachopungua.

Tuitazame kwa karibu. Usiku wa kuamkia siku yenyewe, baada ya fataki za angani, watu husogea karibu na milingoti iliyofungwa magurudumu ya chuma. Fundi huwasha utambi, gurudumu la kwanza huanza kuzunguka kwa nguvu ya moshi wake lenyewe, likasukuma meno ya la pili, la pili likafungua mikono ya la tatu, na rangi zikabadilika kwa zamu zilizopangwa. Kiwanda kimoja cha kijiji cha Mqabba kiliwahi kuwasha gurudumu la namna hii lenye kipenyo cha mita 32, mwaka 2011, likaingia katika kitabu cha rekodi za dunia. Kesho yake jioni sanamu hutoka. Wabebaji huingiza mabega chini ya miti mirefu, na baadhi yao wana uvimbe wa kudumu begani ambao hawauonei haya hata kidogo. Wanapotua kupumzika, kila mmoja huegemeza mti wake juu ya gongo lenye panda, ili sanamu isiguse ardhi. Juu ya vibaraza watu humwaga magunia ya vipande vya karatasi, na bendi hupita ikikanyaga karatasi zilizofika vifundoni.

Dhana nyingine ndogo iliyomo humu ni kwamba festa huunganisha kijiji kizima. Mara nyingi hukigawa. Mqabba hiyohiyo ina festa mbili, ya Bikira Maria wa Maua ya Yungi mwezi Juni na ya Kupalizwa Mbinguni mwezi Agosti, kila moja ikiwa na klabu yake na kiwanda chake cha fataki. Lakini kilele cha ushindani huu kiko Gozo, kisiwa cha pili cha nchi hiyo, katika mji mdogo wa Victoria. Wafuasi wa Bikira Maria wana klabu ya Leone na jumba lake la opera la Aurora. Wafuasi wa Mtakatifu Georgi wana klabu ya La Stella na jumba lake la Astra. Majumba hayo mawili yako barabara moja, na mwezi wa Oktoba kila moja huonyesha opera yake. Kwa maoni yangu hakuna wizara ya utamaduni ambayo ingeweza kuamuru jambo kama hilo likafanyika.

UNESCO iliiweka festa ya Malta katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwezi Desemba 2023, katika kikao kilichofanyika Kasane, Botswana.

“Santa Marija ya 15 Agosti ni ibada tu”

Ni ibada, ya Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria, na parokia kadhaa, Mosta ikiwamo, hufanya festa siku hiyohiyo moja. Lakini mzee wa Malta akitamka Santa Marija anaweza kuwa anataja meli. Agosti 1942, katika Vita vya Pili vya Dunia, kisiwa kikiwa kimezingirwa na kukaribia njaa, msafara wa meli 14 za mizigo ulitumwa kukinusuru. Zilizofika ni 5. Ya mwisho, meli ya mafuta iitwayo Ohio, iliingia bandarini tarehe 15 Agosti ikiwa imeegemezwa katikati ya meli za kivita ili isizame, na watu waliokuwa wakisubiri juu ya kuta za ngome wakaupa msafara mzima jina la sikukuu ya siku hiyo.

“Imnarja ni jina la mtakatifu”

Hakuna mtakatifu huyo. Siku ni ya Petro na Paulo, 29 Juni, na jina limetokana na neno la Kilatini luminaria, kwa mioto iliyokuwa ikiwashwa usiku wake. Ni sikukuu ya wakulima: huandaliwa maonyesho ya mazao na mifugo katika msitu mdogo wa Buskett, watu hula sungura wa kukaanga kwa divai na kusikiliza għana, uimbaji wa kujibizana kwa gitaa, na kwenye mteremko wa Saqqajja farasi na punda hukimbizwa bila matandiko. Mshindi hupewa bendera ya kitambaa, ambayo zamani aliipeleka kanisani kwao ikashonwa kuwa kitambaa cha altare.

“Krismasi yao wameiga kwa Waingereza”

Mti wenye taa upo, na Father Christmas yupo madukani. Kilicho chao ni kingine. Katika Misa ya usiku anayehubiri si padri, ni mtoto, mvulana au msichana aliyekariri mahubiri kwa majuma mengi na kufundishwa wapi anyanyue mkono. Desturi hiyo inajulikana tangu mwaka 1883 katika kijiji cha Luqa. Nyumbani hupangwa pango lenye vinyago vya udongo, na kando yake huwekwa kitu ambacho wageni wengi hudhani ni nyuzi za plastiki. Hiyo ni ġulbiena. Mbegu zake hutandazwa juu ya pamba yenye maji ndani ya sahani, majuma machache kabla ya sikukuu, kisha sahani hufungiwa kabatini. Kwa kukosa mwanga majani hutoka marefu na meupe kama nywele za mzee, na mkesha wa Krismasi huwekwa miguuni pa Mtoto Yesu, kabla hayajapata nafasi ya kuwa ya kijani.