Wanadondokea Wapi?

Menejimenti inapoomba taarifa ya uwakilishi wa makundi kazini, swali huwa lile lile: wanawake ni asilimia ngapi, wenye ulemavu wako wangapi? Najibu, ila siku hizi jibu hilo silipeleki peke yake. Jumla inaweza kupendeza macho ilhali watu hao wamerundikana kwenye ngazi mbili za chini, na haikuambii walikwama wapi.

Mimi huanza kuhesabu kwa waombaji. Tuseme wameomba wanaume 80 na wanawake 50. Mchujo wa kwanza wamepita wanaume 40, yaani asilimia 50, na wanawake 15, yaani asilimia 30. Gawanya asilimia 30 kwa asilimia 50: kiwango cha wanawake ni asilimia 60 ya kile cha wanaume. Miongozo ya ajira iliyotolewa Marekani mwaka 1978 huchukulia chini ya asilimia 80 kuwa dalili ya kuchunguzwa. Ni dalili tu, haithibitishi kwamba kuna aliyebaguliwa. Tena waombaji wakiwa sita au saba, mtu mmoja huvuruga hesabu yote, ndiyo maana nafasi ndogo ndogo huzijumlisha za mwaka mzima.

Nikichunguza, mara nyingi nakuta tatizo limekaa kwenye tangazo la kazi. "Uzoefu wa miaka 10 mfululizo." Neno hilo mfululizo limewaangusha wengi waliosimama kazi kwa sababu ya uzazi au kuuguza mzazi. Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, unakubali kwamba sharti linalotokana na mahitaji halisi ya kazi yenyewe si ubaguzi. Basi namuuliza mkuu wa idara: ni jukumu gani hapa litakalomshinda aliyepumzika mwaka mmoja? Akikosa jibu, neno linafutwa.

Majina nayo huyaficha wakati wa mchujo. Utafiti wa Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan, uliochapishwa mwaka 2004, ulituma wasifu wa kubuni kwa waajiri wa Boston na Chicago, majina yakipangwa kwa bahati nasibu. Wenye majina yanayosikika ya Kizungu waliitwa takriban asilimia 50 zaidi ya wenye majina yanayosikika ya Wamarekani Weusi. Sidhani kama wengi wa waajiri wale walijiona wabaguzi.

Kwenye usaili nashikilia jambo moja: kila mjumbe ajaze alama zake kabla mtu yeyote hajafungua mdomo. Niliwahi kukaa kwenye jopo ambalo mwenyekiti alisema, "Huyu tutaelewana naye," nami nikapunguza alama nilizokuwa nimempa msailiwa mwingine. Bado inaniuma. Yule mwingine alikuwa amejibu vizuri zaidi.

Lakini mlango unaonisumbua kuliko yote hauna tangazo wala jopo. Ni kukaimu. Mkuu wa kitengo anaondoka, bosi anamteua aliye karibu naye "ashikilie kidogo". Miezi sita inapita. Nafasi inapotangazwa, aliyekaimu ana uzoefu, anawajua wateja, anaijua bajeti. Usaili utaendeshwa kwa haki kabisa na atashinda kwa haki kabisa. Upendeleo ulishafanyika siku ile ya maneno mawili koridoni, na hakuna karatasi inayouonyesha. Sawa na safari za mafunzo na nafasi kwenye miradi mikubwa: ndizo zinazompa mtu sifa tutakazomdai baadaye.

Kwa hiyo nimefungua rejista ya kukaimu. Naandika nani aliteuliwa, nani alimteua, kwa muda gani, na nani wengine walikuwa na sifa hizo hizo. Kila robo mwaka naiweka mezani, wawakilishi wa wafanyakazi wakiwepo. Kukaimu kukizidi miezi mitatu, nafasi itangazwe au ashike mwingine. Wakuu wa idara waliipinga mwanzoni, wakisema inawachelewesha. Inawachelewesha kweli, kwa siku mbili tatu, na siku hizo ndizo wanazozitumia kufikiria jina la pili.