Kuni mbichi ndo zinatumalizia miti

Mwezi wa sita huku Njombe huwezi kuniambia niache kuota moto, asubuhi majani yana sakitu, mikono haishiki hata kalamu, we utaniambia nini kuhusu mazingira? Ila kazi yangu ni misitu, na nikiingia kwa mtu macho yanakimbilia kwenye kuni kabla hata sijatoa salamu ya kamwene.

Juzi nimepita kwa mama mmoja, moto umewashwa tangu alfajiri na chumba bado baridi. Kuchungulia hivi, gogo la mlingoti (mkaratusi) linatoka povu kwenye ncha na linalia chiii. Mama, hizi zimekatwa lini? "Jumapili." Sasa mti uliokatwa juzi karibu nusu ya uzito wake ni maji tu, yaani moto unahangaika kuchemsha maji kwanza ndo wewe upate joto. Kilo ya kuni iliyokauka vizuri inatoa kama megajuli 15 za joto, mbichi kabisa inacheza kwenye 8, kwa hiyo unachoma karibu mara mbili kwa joto lilelile, na moto wenyewe ni mnyonge hauwezi kuunguza moshi wake, ndo yale masizi darini, na vile vichembe vidogo zaidi vinashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu.

Eti mti utaota mwingine. Sawa, mlingoti unachipua kwenye kisiki na kuivuta tena ile kaboni iliyotoka na moshi, ila msindano (paina) hauchipui, usipopanda imekula kwako. Mti wa asili pale kwenye chanzo cha maji ndo hata usiuguse.

Na msinijibu mkaa hauna moshi jamani! Matanuru yetu ya udongo yanakula kuni kilo 5 mpaka 10 kupata kilo moja ya mkaa, moshi umeachwa porini tu, halafu ukilala na jiko ndani umefunga madirisha, gesi yake ya sumu, kaboni monoksaidi, haina harufu, huamki.

Nikamwambia mama apasue zikiwa bado mbichi maana ndo zinapasuka kirahisi, azipange juu ya magogo zisiguse udongo, bati juu, pembeni wazi upepo upite, azichome mwakani. Ukizigonga mbili zikalia ko! zimekauka, zikiwa bubu bado.

Akazigonga, akacheka. "Sasa mwanangu, mwaka huu niote nini?"

Nikamwelekeza kiwanda cha mbao kule chini, kuna mabanzi ya msindano yamerundikwa tangu mwaka jana, utomvu wake una masizi usiseme, lakini makavu.