Hati safi inasema nini, na inanyamazia nini

Kila Aprili, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zinapowasilishwa bungeni, watu huulizana: halmashauri yetu imepata hati gani? Ikiwa ni hati inayoridhisha, ile ambayo mitaani tunaiita hati safi, mkurugenzi anapongezwa, madiwani wanapiga makofi na mjadala unafungwa. Kama mwalimu wa ukaguzi, jambo hili linaniuma kila mwaka, kwa sababu hapo ndipo mjadala ulipaswa kuanza.

Hati ni maoni ya mkaguzi kuhusu taarifa za fedha, basi. Akitoa hati inayoridhisha, anathibitisha kwamba hesabu zilizoandaliwa chini ya afisa masuuli, ambaye katika halmashauri ni mkurugenzi, hazina upotoshaji mkubwa na zimefuata viwango vya kimataifa vya uhasibu wa sekta ya umma. Akikuta kasoro kubwa lakini iliyobaki katika eneo fulani, anatoa hati yenye shaka. Kasoro zikisambaa mpaka hesabu nzima isiaminike, ni hati isiyoridhisha. Na akikosa vielelezo kiasi cha kushindwa kujua ukweli, anaeleza kwamba hawezi kutoa maoni.

Upotoshaji mkubwa ni upi? Mkaguzi hapekui kila hati ya malipo. Anachukua sampuli, na anajiwekea kiwango ambacho kosa likikivuka linaweza kumdanganya msomaji wa hesabu. Tuchukue halmashauri ya mfano inayotumia shilingi bilioni 40 kwa mwaka. Ndani yake kuna shilingi milioni 30 zilizolipwa kwa boma la zahanati ambalo mpaka leo halijaezekwa. Fedha hizo hazifiki hata shilingi moja katika kila elfu iliyotumika. Tena kama malipo yana mkataba, risiti na sahihi zote, na yameingizwa vitabuni kama yalivyofanyika, kwa upande wa uhasibu hakuna kilichopotoshwa. Hesabu ziko sawa na mama mjamzito bado anatembea kilomita kadhaa kufuata huduma kijiji cha pili.

Mkaguzi hakulifumbia macho boma hilo. Ameliandika, ila si kwenye hati. Liko kurasa za ndani, kama hoja ya ukaguzi: fedha zimetumika, jengo halijakamilika, wananchi hawapati huduma. Zaidi ya hayo, Sheria ya Ukaguzi wa Umma, Sura ya 418, inampa CAG mamlaka ya kufanya ukaguzi wa ufanisi, unaouliza kama fedha zimeleta tija, pamoja na ukaguzi maalumu. Anapohisi kuna udanganyifu, sheria hiyohiyo inamtaka avijulishe vyombo vya uchunguzi.

Mfano ulio wazi zaidi ni mikopo ya asilimia 10. Tangu sheria ya fedha za serikali za mitaa ilipoongezewa kifungu cha 37A mwaka 2018, kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka baada ya mwaka ripoti za CAG zikaandika habari ya vikundi visivyorejesha na usimamizi uliolegea. Aprili 2023 Serikali ikasitisha mikopo hiyo, ikarejea mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Katika kipindi hicho chote halmashauri nyingi mno zilikuwa zikipata hati inayoridhisha. Aliyesoma hati peke yake alishtuka mikopo iliposimama. Aliyesoma hoja alikuwa ameliona jambo hilo likija, na walioumia zaidi ni vijana na akina mama waliokuwa wakirejesha kwa uaminifu.

Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30, na hesabu zinamfikia mkaguzi kufikia Septemba 30. CAG anamkabidhi Rais ripoti kabla ya Machi kwisha. Kwa Ibara ya 143 ya Katiba, Rais anapaswa kuhakikisha ripoti inafikishwa bungeni ndani ya siku saba tangu kikao kuanza. Asipofanya hivyo, CAG mwenyewe anaiwasilisha kwa Spika. Ibara hiyohiyo inamlinda asilazimike kufuata amri ya mtu yeyote katika kazi yake. Lakini haimpi uwezo wa kumfukuza kazi wala kumfunga mtu. Kuwabana wahusika ni kazi ya Bunge, kupitia Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa, na ya baraza la madiwani.

Baraza hilo hukaa kikao maalumu cha kujadili hoja za CAG, kwa kawaida mwezi Juni, na vikao vya madiwani viko wazi kwa wananchi. Nenda. Hutaruhusiwa kuchangia, ila diwani wako anaruhusiwa, kwa hiyo mwone kabla ya siku hiyo. Ripoti zenyewe zinapatikana bure kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Ukiwa na muda mdogo, ruka kurasa za pongezi ufungue sehemu ya utekelezaji wa mapendekezo ya miaka iliyopita. Humo kila pendekezo limepangiwa hali yake, kwa mfano: limetekelezwa, linaendelea kutekelezwa, au halijatekelezwa. Tafuta lile linalohusu kata yenu, hesabu ni miaka mingapi limebaki bila kutekelezwa, kisha mpe diwani namba ya ukurasa aingie nayo ukumbini.